Siku Sita Quito: Dhahabu, Sukari na Njia ya Martina

Siku ya kwanza, Jumapili

Ndege ilitua saa tisa alasiri. Uwanja wa Mariscal Sucre uko mbali na mji. Ulihamishiwa huko mwaka 2013, maana ule wa zamani ulikuwa umemezwa na nyumba pande zote. Dada yangu mkubwa, aliyefika jana yake kutoka Madrid, alikuwa akinisubiri na shali mbili za sufu mkononi. Amekaa Hispania miaka mingi, Kihispania kwake ni lugha ya nyumbani. Mimi najua salamu tu. Kwa hiyo kila nitakachosimulia hapa kilipita kinywani mwake kwanza.

Sisi ni watu wa Nanyuki. Tumekulia chini ya mlima, karibu mita 1,950 juu ya bahari, tukizoea asubuhi zenye baridi. Quito iko mita 2,850. Hizo mita 900 za ziada nilizihisi kwenye ngazi za nyumba ya wageni, moyo ukinidunda kama niliyekimbia. Mama mwenye nyumba akanitazama mara moja tu, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya majani ya koka. “Soroche,” akasema. Ndilo jina la ugonjwa wa mwinuko huku. Aliniamuru ninywe polepole, nile kidogo, nilale mapema.

Nilikaa dirishani nikatazama jua likizama. Lilizama saa kumi na mbili na robo. Mahali nilipopata kutembelea kaskazini mwa dunia, Ulaya hasa, saa yetu ya Kiswahili hupotea njia: jua linachomoza saa tisa za usiku au saa mbili za asubuhi, kutegemea mwezi. Hapa, nusu ya dunia kutoka nyumbani, jua linaingia na kutoka kwa hesabu ya bibi yangu. Nililala kwa amani.

Siku ya pili, Jumatatu

Mwongoza watalii wetu ni mama wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya majani ya toquilla. Kofia hizo dunia nzima inaziita za Panama, ilhali zinasukwa Ekuador. Alituambia hilo kabla hata hatujatoka mlangoni. Kundi letu lilikuwa la watu tisa: sisi wawili, familia moja ya Chile, na wanafunzi watatu wa Kibrazili. Tangu mwanzo alituita ñañas, neno la Kichwa, lugha ya wenyeji wa milima hii, lililoingia kwenye Kihispania cha mjini, maana yake dada. Na kila upepo wa mlimani ulipotupiga kona ya barabara, watu waliopita walisema achachay! Hilo nalo ni la Kichwa, ndilo wanalolitoa baridi ikiwauma. Wahispania waliteka mji mwaka 1534, lakini mtu akihisi baridi Quito bado hutetemeka kwa lugha ya waliotekwa.

Tulianzia Plaza Grande, uwanja wa kati. Upande mmoja Ikulu ya Carondelet, upande mwingine Kanisa Kuu, katikati mnara wa uhuru: chini ya nguzo yuko simba wa Hispania aliyejeruhiwa anaondoka, na juu yake kondori, ndege mkubwa wa Andes, amekata mnyororo. Mnara unaadhimisha tarehe 10 Agosti 1809, siku wakuu wa Quito walipounda serikali yao wenyewe. Haikudumu. Tarehe 2 Agosti mwaka uliofuata askari wa mfalme waliwaua wazalendo waliofungwa kambini, hatua chache tu kutoka hapo, kisha wakawageukia watu mitaani. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 24 Mei 1822, kwa vita vilivyopiganwa kwenye mteremko wa volkano ya Pichincha, mji mzima ukiona kutoka juu ya mapaa. Jenerali Antonio José de Sucre, aliyeshinda siku ile, amezikwa ndani ya Kanisa Kuu.

Uwanja huu umeona damu nyingine pia. Rais Gabriel García Moreno alikatwakatwa kwa panga mlangoni pa ikulu tarehe 6 Agosti 1875. Miaka miwili baadaye, Ijumaa Kuu, askofu mkuu Checa y Barba alikufa baada ya kunywa divai ya misa iliyotiwa sumu. Mwongozaji wetu alisimulia mambo haya kwa sauti ya chini, huku wazee wakisoma magazeti kwenye viti na vijana wa kung'arisha viatu wakituita.

Kisha akatuingiza La Compañía de Jesús, kanisa la Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki.

Nimejaribu mara tatu kuandika aya hii. Nje ni jiwe la volkano la kijivu, limechongwa nguzo zinazojisokota kama kamba, malaika, mioyo, majani, hakuna nafasi ya kuweka kiganja ambayo patasi haikupita. Ndani ni dhahabu. Si dhahabu hapa na pale. Ni kuta, matao, dari, mimbari, madhabahu, vyote vimefunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Mwanga wa asubuhi ukiingia juu, kanisa lote linakuwa na rangi ya asali. Lilianza kujengwa mwaka 1605, likamalizika 1765: miaka 160. Mpasua mawe aliyeanza hakuliona likiisha, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Na miaka miwili tu baada ya kumalizika, 1767, mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti kutoka makoloni yake yote.

Kupiga picha ndani kulikuwa marufuku, na nilishukuru, kwa sababu watu walilazimika kutazama. Karibu na mlango kuna mchoro mkubwa wa Jehanamu, kila mwenye dhambi na adhabu yake, kila mmoja na jina la kosa lake limeandikwa. Mtoto wa Kichile aliusoma wote kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mama yake akamvuta mkono.

Tulipotoka, dada aliniuliza kwa Kiswahili, ili asisikike: “Hii dhahabu yote, nani alilipa?”

Siku ya tatu, Jumanne

San Francisco. Ukifika uwanjani asubuhi na mapema unakuta njiwa na bibi wanaouza mahindi ya kuwalishia. Uwanja una mteremko, umetandazwa mawe, na kanisa jeupe lenye minara miwili limekaa juu yake. Chini ya mawe hayo sasa kuna kituo cha metro, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023; ukishuka ngazi unatoka karne ya kumi na sita unaingia kwenye treni safi ya senti 45. Mji huu, pamoja na Kraków wa Poland, ndio miji ya kwanza kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1978, na kuchimba chini ya urithi huo kuliwachukua muda na mabishano.

Watawa Wafransisko walianza hapa mara tu baada ya uvamizi. Mmoja wao, Jodoco Ricke kutoka nchi ya Waflandria, ndiye anayekumbukwa kwa kupanda ngano ya kwanza ya Quito. Walifungua shule ya kuwafundisha vijana wenyeji kuchora, kuchonga, kuimba na kujenga, na kutoka huko ikazaliwa sanaa iliyobeba jina la mji. Mkubwa wa wachongaji wake, Manuel Chili, alikuwa mwenyeji. Watu walimwita Caspicara, jina la utani la Kichwa lenye neno la mti ndani yake. Juu ya madhabahu kuu anasimama Bikira mwenye mabawa, kazi ya Bernardo de Legarda ya mwaka 1734. Anakanyaga nyoka, na kiuno chake kimegeuka kama anayeanza kucheza ngoma. Mama Maria aliyesimama wima nimemwona kila mahali. Huyu ni wa kwanza kumwona akitembea.

Nje, kwenye ngazi, tukasimuliwa habari ya Cantuña. Alikuwa mwenyeji aliyechukua kandarasi ya kujenga ukumbi wa mbele wa kanisa, siku zikamwishia kazi ingali nusu. Akafanya mapatano na Ibilisi: jenga usiku huu, jiwe la mwisho likikaa kabla ya kengele ya alfajiri, roho yangu ni yako. Mashetani wakajenga usiku kucha. Lakini Cantuña alificha jiwe moja. Kengele ikalia, kazi ikawa na pengo, roho ikapona. Wanafunzi wa Kibrazili walianza kulitafuta pengo.

Hadithi tamu, na Cantuña anastahili ujanja wake. Lakini nilikaa juu ya ngazi zile nikiyapapasa mawe, na nikahisi uchungu. Mawe haya yalikatwa na kubebwa na watu wenyeji waliotolewa vijijini kwa zamu za lazima, na hadithi ikaona afadhali kazi yao apewe shetani.

Mchana tulikula Mercado Central. Nguruwe mzima wa kuokwa, hornado, anakaa juu ya meza na mwenye kibanda anakukatia kipande cha kuonja kabla hujaamua. Kando yake huwekwa mote, mahindi yaliyomenywa ganda na kuchemshwa; Mkamba yeyote akiyaona atasema muthokoi. Mimi nilichukua locro, supu nzito ya viazi na jibini yenye vipande vya parachichi juu. Viazi na mahindi vyote vilivuka bahari kutoka bara hili kuja kwetu. Nilikula kama mtu aliyefika kwao mwenye chakula kumshukuru.

Hapo mezani dada alimgeukia mwongozaji wetu, akamuuliza kwa upole. Kwa siku mbili tumesikia habari za Wahispania, na tumesikia za wenyeji. Mitaani tumewaona watu weusi: mlinzi wa benki, muuguzi kwenye basi, vijana wenye jezi. Wako wapi kwenye hadithi ya mji?

Mama yule aliweka kijiko chini. Hakujibu haraka. Alisema watu weusi ni wa Esmeraldas, pwani, na wa bonde la Chota, kaskazini. Kisha akanyamaza, akasema: “Ñaña, nipe mpaka kesho.”

Siku ya nne, Jumatano

Alikuja na daftari la shule, la mistari, kurasa nne zimejaa mwandiko mdogo. Alikuwa hajalala sana. Alituomba radhi, familia ya Chile na Wabrazili pia, kwamba ratiba ya asubuhi ingebadilika, na akaturudisha pale pale, Plaza Grande, mbele ya ikulu.

Akaanza na mchoro. Mwaka 1599, hapa Quito, mchoraji mwenyeji aliyeitwa Andrés Sánchez Gallque aliwachora wanaume watatu weusi: Don Francisco de Arobe, mwenye miaka 56, na wanawe wawili, Don Pedro na Don Domingo. Walikuwa wakuu wa Esmeraldas, kizazi cha Waafrika waliojikomboa pwani na kuoana na wenyeji, watu ambao Hispania ilishindwa kuwatawala kwa silaha. Walikuja mjini kufanya amani, na mchoro ukapelekwa kwa mfalme Felipe wa Tatu. Wamevaa kola za Kihispania za kukunjwakunjwa, mapete ya dhahabu puani na masikioni, mikuki mkononi.

Dada alishika mkono wangu kwa nguvu. Mchoro huo uko Madrid. Ameuona. Alisimama mbele yake miaka kadhaa iliyopita, akawatazama wale wanaume machoni, na hakujua kwamba wino na rangi vilikauka katika mji huu.

Kisha likaja jibu la swali la Jumatatu. Wajesuiti walikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika bonde la Chota na Mira. Bonde lile ni la joto na homa, wenyeji wengi walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo mapadri walinunua Waafrika. Walipofukuzwa mwaka 1767 walikuwa na watumwa zaidi ya 1,000 huko. Sukari ya Chota iliuzwa, na fedha yake ikaendesha vyuo, nyumba na makanisa ya shirika lao. Mwongozaji alinyoosha mkono kuelekea mtaa wa La Compañía, uliokuwa hatua mia kutoka tuliposimama. Hakusema zaidi. Alifunua ukurasa.

Baada ya Wajesuiti, mashamba na watu wake vilichukuliwa na serikali ya mfalme. Hali ikawa mbaya kuliko kwanza. Mwaka 1778 mwanamke mmoja wa shamba la La Concepción, Martina Carrillo, na wenzake wachache, walitoroka wakatembea kwa miguu mpaka Quito. Ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda na kushuka, kutoka bonde la joto mpaka kwenye baridi hii ya achachay. Hawakuja kujificha. Walikuja kwa Rais wa Audiencia, mtawala wa mfalme, José Diguja, kumshtaki msimamizi wao: chakula hakitoshi, nguo hawapewi, wanapigwa. Waliporudi, msimamizi akawacharaza viboko vikali, Martina kuliko wote. Lakini malalamiko yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na mkono wa sheria ukamfikia msimamizi yule. Utumwa wenyewe Ekuador iliufuta miaka 73 baadaye, mwaka 1851, chini ya mtawala José María Urbina.

“Nimeongoza watu kwenye uwanja huu miaka kumi na tisa,” mama akasema, “na sijawahi kumtaja.”

Mzee wa Kichile alivua kofia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mengine ya siku hiyo nayapita upesi, si kwa kuwa hayakuwa mazuri. Basílica del Voto Nacional, iliyoanza kujengwa 1892, ina wanyama wa nchi mahali ambapo makanisa ya Ulaya huweka majini ya mawe: kobe, iguana, kakakuona, kondori. Wenyeji husema siku itakapomalizika kabisa dunia itaisha. El Panecillo, kilima kilicho katikati ya mji, kinabeba sanamu kubwa ya Bikira yule yule wa Legarda, safari hii kwa vipande 7,000 vya alumini. Kutoka miguuni pake unauona mji jinsi ulivyo: mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya Pichincha na mabonde, kama mto wa nyumba. Jioni tulitembea mtaa wa La Ronda na vikombe vya canelazo, kinywaji cha moto cha mdalasini na pombe ya miwa. Changu nilikishika mkononi mpaka kikapoa. Pombe ya miwa, siku hiyo, haikushuka.

Siku ya tano, Alhamisi

Mitad del Mundo, nusu ya dunia, kaskazini mwa mji. Mnara wa jiwe wa mita 30 na tufe juu yake, na mstari wa manjano ardhini ambao kila mtu anaukanyaga mguu huku na mguu kule. Mwaka 1736 wataalamu wa Kifaransa, Godin, Bouguer na La Condamine, walifika huku pamoja na maofisa wawili wa Hispania, Jorge Juan na Antonio de Ulloa, kupima umbo la dunia. Walipanda milima na vyombo vya kupimia kwa miaka, kutoka karibu na Quito mpaka Cuenca, wakiongozwa na wenyeji na kusaidiwa na Pedro Vicente Maldonado, mwanasayansi wa Riobamba. Kazi yao ilithibitisha kwamba dunia imetutumka kiunoni na kubonyea kwenye ncha. Nchi ikapata jina lake kutokana na mstari wa ikweta. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha ikweta yenyewe iko karibu mita 240 kutoka kwenye mstari wa manjano. 

Jirani kuna mahali wanapoonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini mwa mstari, upande ule kusini. Tulitazamana mimi na dada. Mchezo huo tumekua nao! Pale kwenye ubao wa ikweta Nanyuki vijana huwaonyesha wageni kwa karai na njiti ya kiberiti. Kwenye karai dogo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji. Yanafuata jinsi yalivyomiminwa. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, alitueleza hivyo tukiwa wadogo, kisha akampa kijana yule shilingi zake kwa sababu alikuwa amefanya kazi.

Dada alisimama juu ya mstari akatazama mashariki. Ukiufuata huo bila kupinda, utashuka Amazon, utavuka Atlantiki, Gaboni, Kongo, Uganda, utafika nyumbani. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikumsemesha.

Siku ya sita, Ijumaa

Ratiba ilisema mapumziko na kununua zawadi. Sisi tulikwenda stendi ya Carcelén, panapoondoka mabasi ya kaskazini. Mwongozaji wetu alikuwa amefika kabla yetu, bila kofia ya kazi, na tiketi yake ameilipia mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya kuongoza watu, na Chota hajawahi kushuka. Alimpa dada kiti cha dirishani.

Basi lilipita Ibarra, kisha barabara ikaanza kuteremka. Shali zikatoka shingoni, kisha sweta. Milima ikawa mikavu, ya rangi ya udongo wa kuchoma, na hewa ikaingia dirishani yenye joto. Hapa ndipo walipotoka wachezaji Agustín Delgado na Ulises de la Cruz, waliokuwamo kwenye timu ya kwanza ya Ekuador kufika Kombe la Dunia, mwaka 2002. Kijana wa kiti cha nyuma alitutajia kila goli la Delgado. Hapa watu wana majina ya ukoo kama Congo na Carabalí.

Tuliteremka Juncal. Kina mama walikuwa wamepanga parachichi na maharage kando ya barabara, beseni kichwani, khanga hawana lakini namna ya kusimama, mkono kiunoni, naijua. Mmoja alituuliza tumetoka wapi. Dada akamwambia. Akayarudia: Kenya, Kenya, akawaita wenzake, wakatuzunguka, wakatutazama nyuso zetu bila haraka kama mtu anayetafuta mfano wa ndugu. Akamwekea dada parachichi mbili mkononi na hakutaka pesa.

Ng'ambo ya barabara lilianza shamba la miwa, limesimama kijani kibichi mpaka chini ya mlima mkavu. Mwongozaji wetu alivuka akasimama ukingoni mwake, daftari la mistari mkononi. Alipoturudia aliuliza: kwa Kiswahili hii mnaiitaje?

“Muwa,” nikasema. “Ikiwa mingi, miwa.”

Akaandika yote mawili, kwenye ukurasa wa Martina.